Inua Kichwa

Kaka yangu alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Ukikaa kwenye kiti chake akakufunga kile kitambaa cheupe shingoni, basi umenasa. Utasikia habari za mpira, za mwenye nyumba, za mbuzi wa jirani aliyekula cheti cha ndoa, na kabla hujainuka utakuwa umeshasimulia na zako. Alinyoa huku akimtazama mteja usoni kupitia kioo. Hivyo ndivyo alivyozoea kuongea na binadamu: yeye nyuma, wewe mbele, macho yenu yanakutana kwenye kioo. Ukiinamisha shingo alikugonga kidogo utosini kwa kitana na kusema, "Inua kichwa." Hata nyumbani, mtu akinuna mezani, kaka alimwambia hivyohivyo, "Inua kichwa," na aliyenuna akacheka hata kama hakutaka.

Naye kaka alimwita mke wake Sindano. Wifi yangu ni fundi cherehani, mwembamba, na ulimi wake unachoma, kwa hiyo jina lilimkaa sawasawa. Mimi sikuthubutu kumwita hivyo, wala binti yao, wala majirani. Lilikuwa jina la kaka peke yake. Alianza kuliita akiwa bado nje, kabla hajavua viatu: "Sindano! Sindano, upo?" Na wifi, hata kama asubuhi walikuwa wamegombana, alijibu kutoka kwenye cherehani, "Nipo, nitakwenda wapi na hujaninunulia gari?" Kila siku iendayo kwa Mungu, maneno yaleyale. Mimi mdogo wake, muuza mayai, nakaa chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo, na niliwasikia mpaka nikawachoka. Leo natamani hata ule uchovu.

Kiharusi kilimkuta kazini, mashine mkononi, mteja amenyolewa upande mmoja. Mteja huyo ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, na hakuna aliyemcheka. Hospitali walimwokoa, Mungu awajalie. Mkono wa kulia ulilegea na mguu ukawa wa kuburuta, lakini uhai tulirudishiwa. Kilichoondoka ni maneno. Kila kitu alikielewa, ukimpa kichekesho anacheka, lakini akifungua kinywa ajibu hutoka "da, da, da," halafu machozi. Redio imezimika. Na pale wodini, kila muuguzi alipotaja sindano, ya dawa, wifi aligeuka haraka kama ameitwa. Halafu anainamisha macho, anaendelea kukunja shuka ambalo limeshakunjwa. Niliona, nikajifanya sikuona.

Daktari alituambia ukweli bila kuuzungusha. Maneno yanaweza kurudi yakifundishwa, ila mtaalamu wa kufundisha kusema yuko mji mwingine, anakuja kwa zamu, na wanaomngoja ni wengi. "Mwendelezeni nyumbani," akasema. Wifi akauliza namna ya kumwendeleza. Daktari akamwonyesha mazoezi mawili matatu ya mdomo, kisha akaitwa wodi nyingine.

Wifi shule aliiacha mapema. Ushonaji aliupata kwa kukaa karibu na shangazi yake na kuitazama mikono yake, basi. "Mimi kitu nakijua nikikiona kinafanywa," aliniambia tulipokuwa tunarudi nyumbani. "Sasa nani atanionyesha namna ya kumfundisha mtu mzima kusema?"

Aliyemjibu ni binti yao, ambaye ameolewa mbali. Alimtumia mama yake simu ya kugusa, akamwelekeza namna ya kutafuta video kwa kuitamkia simu badala ya kuandika, na akamwingiza kwenye kundi la watu wanaouguza wagonjwa wa kiharusi majumbani. Nilimwambia wifi, "Hiyo simu ingekuwa inajua kufundisha, vijana wa mtaa huu wote wangekuwa maprofesa." Akanijibu, "Wewe kaa na mayai yako."

Mwanzoni nilikuwa na haki ya kucheka. Video ya kwanza kuipata ilisema mgonjwa asuguliwe ulimi kwa chumvi na ndimu. Wifi akamsugua. Kaka alimtazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, akampokonya ile ndimu kwa mkono wake mzima na kuitupa dirishani. Tulicheka watatu sote, kaka naye, kile kicheko chake kipya cha upande mmoja wa mdomo. Video nyingine ilitaka kumuuzia wifi mafuta ya kufungua koo. Alipouliza kwenye kundi, watu wakamjia juu kwa upendo: achana na hao, mama, usidanganyike. Basi polepole akajifunza kutenganisha pumba na mchele, na hilo lenyewe ni somo ambalo wasomi wengi hawajalipata.

Na ndani ya kundi hilo alimpata Mwalimu Sauti. Jina lake hasa hatukulijua, wala sura. Tulichojua ni kwamba aliwahi kufanya kazi hiyohiyo ya kuwarudishia wagonjwa maneno, amestaafu, na anafundisha bure kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa na sauti nzito yenye kikohozi kidogo, na nyuma yake mara zote unasikia bomba linadondosha maji. Nilitamani mtu amwambie alifunge lile bomba. Lakini alijua kufundisha. Hakuwa na haraka na hakumfanya mtu ajione mjinga. "Wanangu," alianza, hata kama anaongea na wazee, "leo tunafundisha neno moja tu."

Wifi alimsikiliza huku anashona. Mguu unakanyaga cherehani, sauti inaongea, na palipo muhimu mguu unasimama na yeye anarudia kwa mdomo: usimmalizie neno, mwache alitafute mwenyewe. Anza na vile alivyovizoea bila kufikiri, kama nyimbo, kuhesabu, sala. Kaa usawa wa macho yake. Sauti moja kwa wakati mmoja, usimchanganye. Halafu ananiita mimi kutoka chumba cha nyuma na kunifundisha yote upya, kama mwalimu mkuu. Sikuwahi kumwona hivyo. Mwanamke aliyekuwa anaona haya kusaini jina lake sasa anabishana kwenye kundi kuhusu misuli ya ulimi. "Wifi," aliniambia siku moja, macho yanang'aa, "mimi ni mwanafunzi. Tena mzuri."

Nisimnyime haki yake. Maneno yalianza kurudi. Kwanza ule wimbo ambao mama yetu alitubembelezea. Kaka aliuimba wote, na maneno yake, na mimi nikatoka nje nikalilia ukutani. Halafu kuhesabu. Halafu "maji." Siku aliyosema "maji" tulimpa maji mpaka akakataa. Wifi alirekodi akapeleka kundini, na watu wasiotujua, wa miji na nchi zao huko, wakatuma makofi na mioyo. Wakaanza kumuulizia: Redio wetu vipi leo? Kaka akawa na marafiki wengi kuliko alipokuwa anaongea.

Ila jina la wifi halikuja. Kaka alijaribu, Mungu anajua alivyojaribu. Alimnyooshea kidole, akakusanya nguvu zote, shingo ikatoka mishipa, na neno likatoka safi kabisa: "Kijiko." Akajua si lenyewe. Akajaribu tena: "Kijiko." Akapiga goti lake kwa ngumi. Wifi akamshika mkono, akamwambia, "Sawa tu, baba, mimi ni kijiko chako, ule nacho," akacheka mpaka kaka naye akacheka. Kisha akanifuata kwangu uani, nilikokuwa nafuta mayai, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Nimekuwa kijiko, wifi."

"Afadhali. Angeweza kukuita sufuria."

Hakucheka. "Nataka aniite mara moja tu," akasema. "Moja. Hata akinyamaza tena baada ya hapo, sitamlaumu yeye wala Mungu. Nisikie tu jina langu kwenye mdomo wake."

Alimuuliza Mwalimu Sauti, na nakumbuka jibu kwa sababu aliliweka likalia nyumba nzima. "Mama, jina la mtu wa karibu halifundishwi. Ukilivuta linakimbia. Litakuja lenyewe, siku usiyolingojea, na litakuja wakati yeye anafanya kitu alichozoea. Wewe uwepo tu." Maji yakadondoka, tone, tone. Wifi akalisikiliza tena na tena, akiwa anakata vitambaa, na kila likifika kwenye "wewe uwepo tu" alitikisa kichwa kukubali. Alikuwepo jamani. Nani mwingine alikuwepo kama yeye?

Sasa nieleze jinsi walivyofanya masomo, kwa maana hapo ndipo penye kisa. Mwalimu alihitaji kuona mdomo wa mgonjwa ili asahihishe. Kwa hiyo wifi alikaa mbele ya kaka, usawa wa macho yake kama alivyofundishwa, na akainua simu kurekodi. Simu ikawa hapo, katikati ya uso wake na uso wa kaka. Kaka alikuwa anasogeza kichwa kushoto, kulia, kama anayemchungulia mtu nyuma ya nguzo, na wifi anamfuata na simu, "Tulia, baba, nisikupoteze." Na kwa kuwa kuna ile amri ya sauti moja, wifi aliona si vizuri sauti ya Mwalimu na yake zimfikie mgonjwa pamoja. Akafanya hivi: masomo akayahifadhi kwenye simu ya kaka, ambayo yeye kaka hakuihitaji tena, akayasikiliza kwa hedifoni masikioni, kisha akayasema kwa mdomo wake. Simu moja ya kujifunzia, nyingine ya kurekodia. Mimi nilimwambia amekuwa kama rubani wa ndege. Alinipuuza, na alikuwa sahihi, maana yote hayo alikuwa anayafanya kwa utii. Hakuna mwanafunzi aliyemtii mwalimu wake kama yeye.

Kisha likaja lile somo la kumpeleka mgonjwa mahali ulimi wake ulipozoea kufanya kazi. Aliyekuwa mwalimu apelekwe darasani, muuza duka apelekwe dukani. Wifi akasimamisha cherehani palepale. "Kioo," akasema. "Wifi, kaka yako haongei na watu, anaongea na kioo! Ufunguo wa kibanda uko wapi?"

Tulikwenda asubuhi, jua bado halijakali. Kaka alitembea mwenyewe na fimbo yake, na kadiri tulivyokaribia alizidi kwenda mbio, nikamwambia polepole mzee, wateja wapo tu. Kibanda kilikuwa kimefungwa tangu siku ile. Kilinuka poda na spiriti. Kwenye meza chini ya kioo vitu vyake vilikuwa kama alivyoviacha: brashi, mashine, kopo la vitana. Nywele za yule mteja wa nusu bado zilikuwa sakafuni. Kaka alisimama mlangoni akavitazama vyote, akavuta pumzi, akaenda moja kwa moja nyuma ya kiti. Aliegemeza fimbo ukutani na kuegemea mgongo wa kiti kama hajawahi kuumwa.

Wifi alikaa kwenye kiti kama mteja. Simu yake akaiegemeza kwenye kioo, ikitazama nyuso zao wote wawili, akabonyeza kurekodi. Simu ya kaka akaiweka mapajani, akachomeka hedifoni, akainama kutafuta somo la siku hiyo. Mimi niliwaacha, nikachukua ufagio nikatoka kufagia majani yaliyojaa kibarazani. Niliwaona kwa mgongo tu, na nikajisemea, wamependeza.

Nilipomaliza nilimkuta wifi amenyong'onyea. Alikuwa amemwonyesha kaka picha ya mkasi, ya kitana, ya kiti, na kaka hakutoa hata neno moja. Alimtazama tu kwenye kioo. "Leo hataki," wifi aliniambia. "Na mimi nilivyotegemea." Akaituma video kundini bila kuitazama, kama alivyokuwa anafanya, ili Mwalimu aone kosa liko wapi. Bando likaishia njiani. Ile alama ya saa ndogo ikabaki inaonyesha kwamba video inangoja.

Njiani kaka alimshika wifi mkono, kitu ambacho hakuwahi kukifanya barabarani hata ujana wao. Wifi akaona haya, akasema watu wanatutazama. Hakuutoa mkono. Nyumbani kaka alikula, akalala mchana kama kawaida yake, na hakuamka. Kiharusi kilimrudia usingizini. Wifi ndiye aliyekwenda kumwamsha kwa ajili ya zoezi la jioni. Nilimsikia akimwita, "Baba. Baba. Baba," na kwa namna alivyoita mara ya tatu nikajua sina kaka tena.

Sitasimulia mazishi. Kila mtu ana yake, na yetu hayakuwa tofauti, ila kwamba vinyozi wote wa mtaa walifunga vibanda na yule mteja alikuja amenyoa kichwa chote.

Kesho yake tulikuwa tumekaa sebuleni, wifi kwenye mkeka ameegemea cherehani, binti yao jikoni anapokea watu. Wifi akasema ni vibaya kundi lile lisiambiwe, wamemlea kaka kama ndugu yao. Akamwita binti aweke bando. Macho yake yalikuwa yamevimba, haoni maandishi, kwa hiyo akarekodi sauti: "Wenzangu, Redio wetu ametutoka. Ahsanteni kwa kunifundisha." Akanipa simu nimsomee watakachojibu, akafumba macho.

Majibu yakaanza kuingia. Pole mama. Pole sana, dada yetu. Nikawa nasoma kwa sauti, moja moja, na yeye anatikisa kichwa. Kisha nikafika kwenye moja nikanyamaza. Mtu mmoja alikuwa ameandika: "Hongera sana mama! Amekuita! Na sentensi nzima juu yake!" Chini yake makofi, makofi, na mwingine anauliza ndilo lile jina ulilokuwa unalingojea?

Nilipandwa na hasira. Nilitaka kumtukana mtu huyo, wapi kwao wanapongeza wafiwa? Halafu nikaona. Ile video ya kibandani, iliyokwama bila bando, ilikuwa imejituma yenyewe mara tu mtandao uliporudi. Hao walikuwa wameitazama kabla hawajasikia ujumbe wa msiba.

"Mbona umenyamaza?" wifi akauliza.

"Wanasema pole," nikasema. Nikaenda uani na simu, kwenye mayai yangu, nikaifungua.

Kaka amesimama nyuma ya kiti, mzima, mrefu. Wifi amekaa, ameinamia simu ya mapajani, waya zinaning'inia masikioni, kinachoonekana ni utosi wake. Kaka anachukua kitana kwa mkono wa kushoto. Anampitishia nywele taratibu, mara moja, mara mbili. Anatazama kwenye kioo kutafuta macho ya mteja wake, hayapo. Mdomo wake unaanza kuhangaika. Nje unasikika ufagio wangu. Halafu kaka yangu anasema, bila kukwama, kwa sauti yake ileile ya kuanzia nje kabla ya kuvua viatu, "Sindano."

Anashtuka mwenyewe. Anatabasamu, ule upande mmoja wa mdomo. Anangoja. Anamgonga kidogo utosini kwa kitana. "Sindano. Inua kichwa."

Na sauti ya wifi, ya juu kidogo kama ya mtu aliyeziba masikio, inajibu huku kichwa kikiwa kilekile chini: "Subiri, baba, usinichezee nywele. Namsikiliza Mwalimu. Tunaanza sasa hivi."

Kaka anangoja tena. Tabasamu linakaa usoni muda, kama mtu aliyebeba zawadi nyuma ya mgongo, kisha linapungua. Anakirudisha kitana kwenye kopo. Wifi anapoinua uso, anauinulia kwenye picha aliyoshika mkononi. "Haya. Hii ni nini?" Kaka haangalii picha. Anamwangalia yeye kwenye kioo, mpaka mwisho wa video.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilifikiri kuifuta. Nilifikiri kumwambia simu imeharibika. Lakini huyu ni mtu aliyeomba kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho nilikuwa nacho mkononi mwangu. Nani amenipa mamlaka ya kumnyima? Na nikimpa, je, nampa au namuua? Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshasikia. Ile sauti hata ukuta ungeitambua.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha. Akatazama akiwa wima, hakulia. Ilipofika pale kaka anapogonga kwa kitana, akajigusa utosini, mahali penyewe. "Nilikisikia kitana," akasema. "Nilijua anachezea tu." Ilipofika sauti yake mwenyewe inayosema subiri, akageuza uso. "Alisubiri, wifi. Mimi nilimwambia asubiri, na yeye akasubiri." Ndipo akakaa chini palepale mlangoni.

Mwalimu Sauti alituma ujumbe jioni. Bomba lilikuwa limefungwa, au labda alitoka akaenda chumba kingine. Alisema, "Mama, hukukosea somo hata moja," akashindwa kuendelea, na tukamsikia mwalimu wa watu wote wale analia. Wifi hakumjibu. Hakuwa na hasira naye, alisema. Nami, niliyezoea kuitukana ile simu, sikupata cha kuitukania. Bila hiyo kaka angekufa na "da, da, da" yake. Ndiyo iliyomrudishia neno, ikaliziba palepale lilipotoka, ikalitunza. Nitukane lipi?

Baada ya arobaini mwenye kibanda alikihitaji kibanda chake. Tulikwenda sisi wawili kutoa vitu. Nilishusha mashine, nikafunga brashi kwenye gazeti. Nilipogeuka wifi alikuwa amekaa kwenye kiti. Ameegemeza simu kwenye kioo, mahali palepale, na amekishika kitana. Hakuwa na hedifoni safari hii. Nilitaka kumzuia, lakini nikabaki nimesimama nyuma yake na ufagio.

Akabonyeza. Akainamisha kichwa, akangoja.

"Sindano," kaka akasema. Kitana kikasikika. "Sindano. Inua kichwa."

"Nipo," wifi akajibu. Akainua kichwa haraka, akatazama kwenye kioo nyuma yake, na nyuma yake nilikuwa mimi tu.